Anwani Yako Imepita Mikono Mingapi?

Wengi wetu tukikuta barua taka kwenye simu asubuhi, tunaifuta. Kidole kinateleza, barua inatoweka, roho inatulia. Kesho yake zinaingia nyingine tatu. "Mimi kila siku nafuta na haziishi," utasikia watu wakilalamika. Zitaishaje? Kufuta ni kuiondoa barua moja mbele ya macho yako, basi. Aliyeituma hajui kama umeifuta, wala hana haja ya kujua. Na ile programu inayokuchujia barua haikupata fundisho lolote, maana barua iliyofutwa inaweza hata kuwa ya mjomba wako, uliyoisoma ukaimaliza.

Kitufe chenye faida ni kile cha kuripoti taka. Kwenye kompyuta kinakaa juu ya barua. Kwenye simu mara nyingi wamekificha ndani ya vile vidoti vitatu vya pembeni, na nadhani ndiyo maana watu hawakigusi. Ukikibonyeza, barua inahamia kwenye folda ya taka na papo hapo unakuwa umepiga kura. Kura hizo ndizo zinazoendesha vichujio vya barua pepe, na inafaa kueleza zilivyopata nguvu hiyo.

Zamani watu walipambana na barua taka kwa kutunga masharti. Barua ikiwa na neno fulani, itupwe. Wauza dawa za nguvu za kiume wakaanza kuandika majina ya dawa zao kwa kuchanganya herufi na tarakimu, sharti likabaki linatazama barua ikipita. Ukiongeza sharti jipya, nao wanabadili tahajia. Mwezi Agosti 2002 mtunzi wa programu wa Marekani, Paul Graham, akachapisha makala iitwayo "A Plan for Spam". Hoja yake ilikuwa nyepesi: achaneni na masharti, hesabuni maneno. Chukua rundo la barua njema na rundo la barua taka, uhesabu kila neno limetokea mara ngapi katika kila rundo. Barua mpya ikiingia, mashine inachagua ndani yake maneno 15 yanayoelemea zaidi upande mmoja, inakokotoa uwezekano, inaamua. Hesabu yenyewe ni ya mchungaji wa Kiingereza, Thomas Bayes, ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufariki. Wapo watafiti waliokwisha kuijaribu kwenye barua pepe tangu 1998, lakini makala ya Graham ndiyo iliyoifanya ienee. Alieleza kwamba kichujio chake kilikuwa kinapitwa na barua taka zisizofika 5 katika kila 1000. Mashine yake iligundua yenyewe kwamba ff0000, namba inayoiambia kompyuta ichore maandishi kwa rangi nyekundu inayowaka, ni ushahidi mzito sawa na maneno machafu kabisa. Hakuna mtu ambaye angekaa akatunga sharti la namna hiyo.

Mashine ya kuhesabu maneno haihitaji kamusi, na hilo lina faida kwa anayeandikiwa kwa Kiswahili. Haijui maana ya "kikao" wala "mchango wa harusi" wala "shikamoo shangazi". Inajua tu kwamba maneno hayo yako kwenye barua unazozisoma na kuzijibu. Wala haijui kwamba "umeshinda" ni habari njema. Ukiziripoti barua za "hongera, umeshinda", neno hilo linahamia rundo la pili pamoja na wenzake wa Kiingereza.

Vichujio vya leo vya kampuni kubwa vimekwenda mbali zaidi ya hapo. Vinapima sifa ya seva iliyotuma, viungo vilivyomo ndani ya barua, na ni watu wangapi wengine wamepelekewa barua ileile saa hiyohiyo. Google inasema Gmail huzuia zaidi ya asilimia 99.9 ya taka. Lakini kura ya mtumiaji haikuondolewa, bali imepewa meno. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewawekea masharti makali wanaotuma barua kwa wingi. Kwa Google, huyo ni anayefikisha barua 5000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail. Malalamiko dhidi yake yasifike asilimia 0.3. Maana yake, watu 3 tu katika kila 1000 wakibonyeza kile kitufe, barua zake zinaanza kuwa hatarini kuangukia kwenye taka hata kwa wale ambao hawakulalamika.

Kwa kuwa kura ina uzito huo, isipigwe ovyo. Duka ulilonunua viatu mwaka juzi, shirika la ndege lililokupeleka Mwanza, gazeti ulilojiandikisha mwenyewe ukasahau: hawa si wahalifu, ni wasumbufu. Dawa yao ni kujiondoa kwenye orodha. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamtaka mfanyabiashara amwondoe aliyeomba ndani ya siku 10 za kazi, na masharti ya 2024 yanawataka watumaji wakubwa wa matangazo waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Kitufe hicho Gmail hukionyesha juu kabisa, kando ya jina la mtumaji. Tumia hicho, usihangaike kutafuta maandishi madogo ya kijivu chini ya barua.

Kwa tapeli, kinyume chake. Barua ya mtu usiyemjua, inayotangaza urithi wa mjane wa jenerali au kazi ya hoteli Kanada isiyohitaji uzoefu, usibonyeze "jiondoe" iliyomo ndani yake. Ukibonyeza umemthibitishia kwamba anwani hiyo ina mtu, mtu huyo anasoma barua zake, na ana mkono mwepesi. Anwani ya namna hiyo ina bei nzuri zaidi sokoni. Usimjibu hata kwa matusi. Matusi nayo ni jibu.

Picha pia zinaweza kukuuza. Mtumaji anaweka ndani ya barua picha ya nukta moja isiyoonekana, iliyohifadhiwa kwenye seva yake kwa jina la pekee kwa kila mpokeaji. Ukifungua barua, simu yako inakwenda kuichukua, na yeye anaona: huyu kafungua, saa tatu na dakika kumi usiku. Tangu Desemba 2013 Gmail inazipitisha picha kwenye seva zake yenyewe, kwa hiyo mtumaji haoni unatumia mtandao gani, ingawa anaweza bado kujua kwamba umefungua. Programu ya barua ya Apple, tangu Septemba 2021, inaweza kuzichukua picha zote mapema hata kama hujafungua, hivyo kumvurugia hesabu. Njia ya uhakika ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua uulizwe kabla picha hazijaonyeshwa. Na bando lako litadumu zaidi kidogo.

Mtu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutuma barua taka ni Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment ya Marekani. Mei 1978 aliwatumia watu karibu 400 waliokuwa kwenye Arpanet, mtandao uliozaa intaneti, barua moja ya kuwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya za kampuni yake huko California. Walimkaripia kweli. Lakini alisema baadaye kwamba barua ile ilileta mauzo ya mamilioni ya dola. Miaka kumi na sita baadaye, Aprili 1994, mawakili wawili mume na mke wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, wakasambaza kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano tangazo la kuwasaidia watu kuomba bahati nasibu ya green card. Tangazo lile halijafa hadi leo. Nani hapa Afrika Mashariki hajaona barua inayodai jina lake limechaguliwa kwenda Marekani, alipe kidogo tu? Kwa miaka mingi sasa matokeo ya bahati nasibu hiyo yamekuwa yakitazamwa na mwombaji mwenyewe, kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, kwa namba aliyopewa alipojaza fomu. Aliyekuandikia kukupongeza anataka ada.

Kinachomwezesha tapeli huyo kujiita ubalozi ni kasoro ya tangu utotoni mwa teknolojia yenyewe. Utaratibu wa seva kupokezana barua pepe, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ulitungwa kwa ajili ya watafiti waliokuwa wakifahamiana. Haukumdai mtumaji kitambulisho. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika "Ikulu, Dodoma" na karani ataipokea, ilimradi stempu ipo. Kwa zaidi ya miaka ishirini hali ikawa hiyo, kisha viraka vikaanza kushonwa, vinavyojulikana kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC. Cha kwanza ni orodha ambayo mwenye kikoa, yaani lile jina linaloandikwa baada ya @, anaitangaza: barua za jina langu hutumwa na seva hizi tu. Cha pili ni saini ya kihesabu inayoonyesha kwamba barua haikuchezewa njiani. Cha tatu kinaiambia seva inayopokea ifanye nini barua ikishindwa mitihani hiyo: iikubali, iiweke kwenye taka, au iikatae. Masharti yale ya Februari 2024 yanawataka watumaji wakubwa wawe na vyote vitatu. Ni kazi ya fundi wa kampuni, si yako, ila matokeo yake unaweza kuyaona. Fungua Gmail kwenye kompyuta, ingia kwenye vidoti vitatu vya barua, chagua kuonyesha barua ya asili. Juu kabisa utakuta maneno SPF, DKIM na DMARC, kila moja na alama ya kufaulu au kufeli.

Chukua barua ya aina ambayo mtu yeyote anaweza kuikuta. Juu imeandikwa jina la benki, nembo iko vizuri, rangi ndiyo zenyewe. Inasema akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24 usipohakiki taarifa zako. Kwenye simu unaona jina tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Gusa hilo jina ili anwani yenyewe itokee. Utakuta mlolongo wa herufi usio na uhusiano wowote na benki, au jina la benki limeongezwa kistari na neno "huduma" kisha mwisho usioujua. Angalia pia jibu lako litakwenda wapi: pengine anwani ya pili kabisa, ya bure, ya mtu binafsi. Na alama zile tatu huenda zimefaulu zote! Tapeli akinunua kikoa chake mwenyewe, anaweza kukitia saini kihalali kabisa. Kufaulu kwa mitihani kunathibitisha barua imetoka kwenye kikoa kilichotajwa; hakuthibitishi kwamba mwenye kikoa ni mtu mwema.

Lakini mbona nyingine ni za kipuuzi kiasi hicho, hata mtoto angezitambua? Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alilijibu swali hilo mwaka 2012. Kutuma barua ni karibu bure. Kinachogharimu ni muda wa kuzungumza na wanaojibu. Tapeli hataki kujibiwa na watu makini watakaoshtuka dakika ya mwisho kabla ya kutoa pesa. Uongo wa wazi unawachuja hao mapema, na wanaobaki ni wale wanaoamini lolote. Basi naye ana kichujio chake.

Kuhusu faida, tuna tarakimu zisizo za kubahatisha. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya California, San Diego na Berkeley, walijipenyeza kwenye Storm, mtandao wa kompyuta zilizotekwa na virusi ambazo zilitumika kusambaza taka. Waligeuza sehemu ya barua hizo zielekee kwenye duka la dawa la uongo walilolitengeneza wao, ili wahesabu wanunuzi bila kumchukulia mtu pesa. Siku 26, barua karibu milioni 350, wanunuzi 28. Karibu wote walitaka dawa za nguvu za kiume. Mnunuzi mmoja kwa kila barua milioni 12.5 ndiye aliyefanya biashara ile iendelee, na kikapu chake kilikuwa na thamani ya dola mia hivi. Anayetuma mabilioni kwa kompyuta za wizi hahitaji zaidi ya hapo.

Wakubwa wa biashara hii si wengi. Novemba 2008, kampuni ya McColo iliyokuwa na seva zake San Jose, California, ilikatiwa intaneti na watoa huduma wake baada ya kubainika kwamba vituo vya kuongozea mitandao kadhaa ya taka vilikuwa humo. Kwa siku moja, taka za dunia nzima zikashuka kwa zaidi ya nusu. Baada ya miezi michache zilikuwa zimerudi, kutoka kwingine. Bill Gates alikuwa ameahidi kwenye mkutano wa Davos, Januari 2004, kwamba tatizo lingekwisha ndani ya miaka miwili. Tusimcheke sana, mashine zimeboreka, ni watu tu hawakubadilika.

Swali ambalo kichujio hakiwezi kukujibia ni hili: anwani yako waliipata wapi? Njia zipo nyingi. Kuna programu zinazozunguka kwenye tovuti usiku na mchana zikiokota kila chenye alama ya @. Kuna wanaobahatisha, wanajaribu juma1, juma2, juma3 mpaka moja iitikie. Kuna wizi wa data. Yahoo, ambako vijana wengi wa enzi ya intaneti kafe walifungua anwani zao za kwanza, ilikiri mwaka 2017 kwamba akaunti zake zote bilioni 3 ziliguswa na wizi wa mwaka 2013. Mwaustralia Troy Hunt anaendesha tovuti iitwayo Have I Been Pwned, tangu Desemba 2013, ambapo unaandika anwani yako na kuambiwa imevuja kwenye wizi upi. Jaribu, ila kaa chini kwanza.

Lakini kwetu kuna njia ambayo sijaona wataalamu wa ng'ambo wakiitaja, nayo ni karatasi ya mahudhurio. Aliyewahi kukaa kwenye semina Dodoma, Arusha au Morogoro anaijua. Inazungushwa asubuhi kabla ya chai ya saa nne: jina, taasisi, cheo, simu, barua pepe, sahihi. Kila mtu anajaza kwa mwandiko wake bora, maana posho italipwa kwa karatasi hiyohiyo. Mchana mratibu anaichapa kwenye Excel ili aiambatishe kwenye ripoti ya mfadhili. Jioni mshiriki mmoja anaomba "tushirikishane mawasiliano", na orodha inatumwa kwa watu sitini, anwani zote zikiwa wazi kwenye CC. Siku ya pili yuko aliyeianzishia kundi la kutangaza viwanja. Anwani yako sasa imelala kwenye kompyuta sitini, na inatosha moja tu kati yazo iwe na virusi vya kunyonya orodha. Hakuna aliyevunja kitasa. Uliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Daftari la wageni la mapokezi ni ndugu yake. Fomu ya bahati nasibu ya duka la simu, ndugu yake. CV iliyobandikwa mtandaoni ikiwa na kila kitu hadi namba ya kitambulisho, ndugu yake mkubwa. Nimefikia kuamini kwamba kazi kubwa ya kuzuia taka inafanyika mezani kwa mratibu, kalamu ikiwa mkononi, kabla hata simu haijawashwa.

Kwa hiyo usiwe na anwani moja. Iwepo ya pesa na serikali: benki, kodi, bima, shule ya watoto, mambo ya kitambulisho. Hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote inayozungushwa, na jina lake lisiwe rahisi kubahatishwa. Iwepo ya watu na kazi. Na iwepo ya tatu ya kila kingine, semina na maduka na programu za bure, ambayo unaifungua ukipenda. Ukiwa mvivu kufungua akaunti tatu, Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lako: anayeitwa mwajuma kabla ya @ anaweza kuandika mwajuma+semina, na barua itamfikia vilevile. Fomu nyingine huikataa alama hiyo, na tapeli mwenye akili anaweza kuifuta. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha msaliti. Tangazo la kubeti likija kwa mwajuma+semina, unajua nani wa kumwuliza, na unaweza kuweka agizo kwamba chochote chenye neno hilo kiende moja kwa moja kwenye folda ya pembeni. Wanaolipia iCloud ya Apple wana huduma ya kutengeneza anwani za bandia zinazopeleka barua kwenye ile ya kweli, na Mozilla inayo yake inayoitwa Firefox Relay, yenye kiasi cha bure. Moja ikiharibika unaizima, zilizobaki zinaendelea.

Ukituma wewe kwa watu wengi, weka anwani zao kwenye BCC, ili wasionane. Hili ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya utumishi.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Kichujio nacho hukosea, na makosa yake yanaweza kugharimu zaidi kuliko taka zenyewe. Barua ya kuitwa kwenye usaili, ikitoka kwa taasisi ambayo fundi wake hakuweka zile alama tatu sawasawa, ikatumwa kwa watu 300 kwa mkupuo, ina kila sura ya taka. Gmail hufuta yaliyomo kwenye folda ya taka baada ya siku 30. Anayetafuta kazi aipitie folda hiyo kila baada ya siku chache, na akikuta barua njema abonyeze kwamba si taka, kisha amwongeze mtumaji kwenye majina yake. Ukiniambia nichague, heri zipenye barua kumi za mjane wa jenerali kuliko kuzuiwa moja ya mwajiri.

Ya hatari kuliko zote haifanani na taka hata kidogo. Inakuja moja, kwa jina la msambazaji mnayefanya naye biashara miaka mingi, ikijibu mazungumzo ya kweli, na kusema: tumebadili benki, malipo ya ankara hii yaende akaunti mpya. Hakuna kiungo wala kiambatisho cha kutilia shaka. FBI ya Marekani ilihesabu hasara ya dola bilioni 2.9 kwa utapeli wa namna hii katika malalamiko iliyoyapokea mwaka 2023 peke yake. Ramon Abbas, Mnaijeria aliyejulikana Instagram kwa jina la Hushpuppi na aliyekuwa akiishi kifahari Dubai, alikuwa miongoni mwa waliofaidika na wizi wa aina hiyo. Alikamatwa Juni 2020 na Novemba 2022 mahakama ya Los Angeles ikamfunga zaidi ya miaka 11. Dhidi ya barua kama hiyo, kichujio usikitegemee. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Mhasibu anayeona aibu kupiga simu kuuliza ndiye anayetafutwa.

Sheria zipo, na zina mahali pake. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na kughushi taarifa za mtumaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kampuni ya mikopo ya mtandaoni iliyochukua majina na namba za watu kutoka kwa wengine na kuwasumbua kwa ujumbe na simu. Sheria hizi hazitamfikia kirahisi aliyekodi seva ng'ambo. Zinamfikia mwenye duka, shule, hoteli na mratibu wa semina, na hao ndio wenye karatasi. Ni haki yako kuwauliza taarifa zako wanazitumia kwa kazi gani, na kuwaambia waache kukutumia matangazo. Ule utapeli wa ujumbe mfupi, wa "ile hela tuma kwa namba hii", una mlango wake Tanzania: tuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Na kama anwani uliyonayo imeshazama, taka mia kwa siku, usiikimbie kwa siku moja. Fungua mpya, halafu hamisha kwa mpangilio: benki na huduma za pesa kwanza, kisha kila akaunti inayoweza kubadilishiwa nywila kupitia barua pepe, kisha kazi, kisha watu. Maduka yaache hukohuko. Ile ya zamani iwekee nywila mpya na uthibitisho wa hatua mbili, na uendelee kuingia mara mojamoja, kwa sababu Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na huenda kuna akaunti ya hisa, ya pensheni au ya leseni ambayo umeisahau na bado inatuma barua zake huko.